Kengele Katika Usiku wa Nyota

Piano yetu imesimama ndani ya makopo. Kila mguu umetiwa kwenye kopo la oili chafu ili mchwa wasipande, na mgeni akiingia mara ya kwanza katika kanisa letu hapa Nyanungu hucheka kabla hajaomba. Mimi sicheki. Niliona mchwa walivyoifanya mimbari.

Watoto huja Jumamosi niwafundishe piano, na wengi hunitangulia mlangoni. Nyimbo za vitabuni zilinichosha upesi. Zimejaa theluji, na mtoto wa huku theluji anaijua kwenye friji ya soda. Basi nikaanza kutunga vipande vyangu vifupi vya anga la usiku, maana anga tunalo la kutosha. Kuna "Kilimia", ambacho noti zake zimebanana kama nyota zenyewe. Kuna "Kimondo", ambacho wavulana wanakipenda kwa kuwa kidole kinateleza kutoka juu hadi chini na kelele inaruhusiwa. Halafu kuna "Usiku wa Nyota".

Hicho nilikitunga nikiukumbuka utoto wangu upande wa Manchira, tulipolala chali kwenye mkeka uani tukisubiri ugali uive. Mkono wa kulia ni nyota. Mkono wa kushoto ni noti moja nzito inayorudi polepole, kama pumzi ya mtu aliyelala. Katikati kuna kimya cha mapigo mawili, kisha usingizi unaendelea. Nilikipenda mno, nakiri, kama mama anavyompenda kitindamimba.

Binti mmoja wa darasa la sita alikishika kuliko wenzake wote. Baba yake ni mfugaji, mtu wa maneno machache. Alinisimamisha njiani, fimbo mkononi.

"Mwalimu, hii piano inakamuliwa?"

"Haikamuliwi, baba."

"Sasa Jumamosi ndama wangu watachungwa na nani?"

Tukaelewana kwamba atakuja kumsikiliza Jumapili ya mavuno. Akiona ni kelele tu, binti atarudi kwa ndama na habari ya piano iishie hapo. Jumamosi iliyofuata binti alifika macho yamevimba, nikajua ameshaambiwa.

Sasa, shida ilikuwa kile kimya. Mapigo mawili yakipita, yeye bado yuko kimya, mikono hewani, shingo imeelekea dirishani. Matatu, manne, matano. Mimi subira sijajaliwa. Niligonga piano kwa rula.

"Mawili! Nimeandika mawili! Unasubiri nini, basi la Sirari?"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, kengele ikinyamaza, tunasubiri."

"Kengele gani?"

Akanieleza akiwa ameinamia noti. Usiku wa mbalamwezi nyumbani kwao watu wanalala. Usiku wa nyota tupu, mwezi haupo, ndio usiku wa wezi wa ng'ombe. Baba yake hukaa nje karibu na zizi, amejifunika blanketi, anasikiliza kengele ya ng'ombe mkubwa anapocheua. Ikilia taratibu, ni salama. Ikinyamaza ghafla, huenda ng'ombe amelala tu, au huenda mwizi ameiziba kwa majani. Hapo hakuna anayehesabu mapigo.

Noti yangu ya usingizi, mtoto huyu alikuwa anaisikia kama kengele ya zizi. Niliona wivu kidogo, kwa sababu kipande kilikuwa changu, na kwake kilikuwa kizuri zaidi. Nikafuta yale mapigo mawili kwa kifutio nikamwambia asubiri kadiri anavyosubiri nyumbani. Baadaye nikajiuliza: Baba akidhani amesahau je?

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa ndizi, mahindi na kuku waliofungwa miguu. Baba yake aliketi nyuma kabisa, kando ya mlango, mahali pa mtu asiyependa kuyapa kisogo mambo ya nje. Binti akaanza. Nyota zikatoka vizuri, na kengele ikawa inalia chini yake, taratibu.

Kisha akanyamaza.

Kwetu mtoto akisahau mbele za watu, kanisa zima humwokoa kwa makofi. Mama mmoja wa kwaya akaanza, wengine wakadakia, na mimi nikafumba macho. Basi, nikawaza, kwaheri.

"Nyamazeni!"

Ilikuwa sauti ya baba yake. Alikuwa amesimama, mkono mmoja juu, mwingine umeikamata fimbo, shingo imeelekea mlangoni vilevile kama ya binti yake. Makofi yakafa. Kuku mmoja tu aliendelea na maneno yake. Tulisubiri sote, na wengi hawakujua wanachosubiri.

Binti akashusha kidole. Kengele ikalia, chini, taratibu. Baba akashusha pumzi, akaketi.

Baada ya ibada nilimkuta nje akiwa ameegemea ukuta. Nilijiandaa kumtetea mwanafunzi wangu, hata nilikuwa nimepanga maneno. Hakunipa nafasi.

"Mwalimu, miaka yote nakaa pale zizini najua ninakesha peke yangu." Alimtazama binti yake, aliyekuwa akiwasaidia kina mama kubeba ndizi. "Kumbe na huyu huwa halali."

Akajifuta uso kwa kiganja, akachukua fimbo yake.

"Jumamosi nitachunga mwenyewe."