Nilikataa bahasha ya jirani, na sasa mama amekataa kutoka kwenye kilio

Admin, jina langu lifiche, na ukiweza ficha na mtaa, ingawa watu wa Kanyosha wakisoma watanijua tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nina watoto wawili, na mume wangu ni mtu mpole. Kazi yangu ni kufundisha manunuzi, yaani namna serikali na mashirika yanavyotakiwa kutangaza zabuni, kupokea bei na kuchagua wa kumpa kazi bila upendeleo. Wiki moja niko Dakar, ya pili Moroni, ya tatu Njamena. Safari hii nilibahatika, semina imeletwa hapa hapa Bujumbura, kwenye hoteli karibu na ziwa. Nikasema afadhali, maana Jumamosi tunaganduka.

Kwa wasiojua kwetu, kuganduka ni siku ya kumaliza kilio. Ndugu na majirani wanakuja, wanakula, wanakunywa, maneno yanasemwa, na mjane anaruhusiwa kuendelea na maisha. Baba yetu alifariki mwaka jana nikiwa kazini ng'ambo. Nilifika siku ya mazishi, nikaondoka siku chache baadaye kwa sababu darasa lingine lilikuwa linanisubiri. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na sijui kwa nini. Ni kama ganzi ya kung'oa jino, ila haitoki.

Aliyekaa na mama ni Mama Adija, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Yeye Mwislamu, sisi Wakatoliki, lakini tangu nikiwa mtoto hakuna harusi wala msiba wa kwetu ambao sufuria hazikuwa zake. Bia hazigusi, hizo ni kazi ya wajomba. Wali, maharage, nyama, lengalenga, vyote yeye. Wakati wa kilio alilala na mama kwenye mkeka mpaka watu wote wakatawanyika.

Sasa kwenye mazishi ndugu zangu waligombana sana kuhusu matumizi. Safari hii wakaniachia mimi chakula: "Dada, si ndiyo kazi yako?" Nami nikafanya nilichozoea, ili pasiwe na maneno. Nikaomba proforma, yaani karatasi ya bei, kwa watu watatu, na Mama Adija nikamweka mmoja wao. Nikawaambia wote mwisho ni Jumanne saa sita mchana, waniletee hotelini kwenye bahasha iliyofungwa. Niliona namheshimu kwa kumweka na wengine. Ndiyo, cheka tu.

Jumanne nilikuwa nafundisha somo la kufungua zabuni. Mlango ukafunguliwa, nikamwona Mama Adija amesimama na kitenge chake cha sikukuu, jasho linamtoka. Mafuta ya gari hamna mjini, nadhani sehemu kubwa alitembea kwa miguu. Saa sita ilikuwa imepita kidogo. Nikatoka mlangoni.

"Mwanangu, nimechelewa," akasema. "Kule wanaandikaka na mashini umeme ulienda. Shika."

Nikamjibu, "Mama, saa imepita. Siwezi kuipokea."

"Unasema?"

"Wengine walileta mapema. Nikipokea ya kwako nitakuwa nimewaonea."

Akaitazama bahasha, akanitazama mimi. "Apana, hakuna neno. Fanya kazi yako, mwanangu." Akageuka.

Nikarudi ndani. Wanafunzi wangu, watu wazima wakuu wa idara, walikuwa wameona yote. Nikawaambia, "Huyo amenibeba mgongoni. Mmeona? Sheria haina shangazi." Wakapiga makofi. Nikaendelea na slaidi inayofuata. Nawaambia ukweli, sikusikia kitu moyoni, hata haya.

Mchana huo huo nikawapa kazi wapishi wa hotelini, ambao bei yao ilikuwa ya chini, na kusaini mkataba. Jioni nikapita kwa mama kumweleza. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua, akasema:

"Basi mi siganduki."

Nikadhani anatania. "Mama, watu wamealikwa."

"Waje wakule. Mi nitabakia mu chumba. Ule mutu alinishika wakati we haukukuwa hapa. Leo abakie inje ya lupango, inje ya ua yetu, mi nitoke mu kilio na nani?"

"Mama, ni utaratibu tu."

"We baba yako ulishamuganduka siku ile ile ya mazishi. Niache mi nimulilie."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Leo ni Alhamisi. Mdogo wangu aliye Ubelgiji anasema nisibadilishe kitu, nikimrudisha Mama Adija ndugu watasema nimependelea. Mume wangu anasema afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, niende nikapige magoti. Kesho nagawa vyeti. Jumapili nina ndege. Mama hajatoka chumbani tangu jana, na ukutani kwa Mama Adija sisikii hata kijiko.

Mkataba wa hoteli nitauvunja, hilo nimeshaamua, ndugu waseme watakavyo. Na maneno ya kuomba msamaha ninayo, maneno ndiyo riziki yangu. Lakini huyu mama ananijua tangu sijaota meno. Atanitazama usoni na kuona sioni uchungu, kwamba nimekuja kwa sababu Jumamosi imefika. Nishaurini ndugu zangu, na msinitukane sana: niende hivi hivi nilivyo mkavu, au nisubiri mpaka niumie kwanza, hata kama mama atabaki kwenye kilio?