Jibu la Tarehe Tatu

Mwalimu Chediel alikuwa amefundisha kemia Kiomboi kwa miaka kumi na tisa, na shuleni kwake hakukuwa na mwalimu mwingine mwenye shahada ya uzamili. Aliipata kwa kusoma wakati wa likizo, akienda na kurudi Dodoma, na hakuificha. Ofisini walimwita Msomi. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa utani, naye aliwaitikia wote kwa sauti ileile.

Mkewe, Dina, alikuwa afisa ugani wa Ulemo. Alikuwa na stashahada ya kilimo na pikipiki ya kazini iliyokuwa ikizima kila mvua iliponyesha. Asubuhi alivaa buti akaondoka, jioni akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Nyumbani Dina ndiye aliyeuliza na Chediel ndiye aliyejibu: neno gumu la Kiingereza, barua ya halmashauri, fomu ya shule ya binti yao Martha aliyekuwa bwenini. Chediel aliuzoea utaratibu huo kiasi kwamba hakujua kama anaupenda.

Kwa misimu miwili Dina alikuwa na jambo lake. Aliwaomba wakulima sita waweke mizinga ya nyuki kando ya mashamba yao ya alizeti, na wengine sita akawaacha walime bila mizinga kama kawaida. Wakati wa mavuno alikata vichwa ishirini kutoka kila shamba, akapukuchua, akapima mbegu, akatenga mapepe, zile punje zisizo na kiini, na kuandika yote kwenye daftari kubwa. Mezani kwao kulijaa vifuko vya mbegu vyenye majina ya watu.

"Unapima alizeti kama watoto wa kliniki," Chediel alimwambia siku moja, akicheka.

"Wanaongezeka uzito kama watoto wa kliniki," Dina alimjibu.

Mwezi wa nane tangazo lilizunguka kwenye makundi ya simu. Kungekuwa na kongamano la kisayansi Dodoma mwezi wa kumi na moja, na waliotaka kuwasilisha utafiti wao walitakiwa kutuma ikisiri, yaani muhtasari wa maneno yasiyozidi mia tatu. Chediel alilipokea kama mtu anayeitwa kwa jina. Mara mbili alikwishatuma kwenye makongamano mengine akakataliwa, lakini safari hii alikuwa na mada aliyoiamini: kufundisha majaribio ya kemia kwa vifaa vya jikoni katika shule zisizo na maabara. Aliitangaza ofisini kabla hajaandika hata mstari mmoja.

Dina alilisoma tangazo lile akiwa anasonga ugali, simu mkono mmoja.

"Baba Martha, na mimi naweza kupeleka? Ile ya nyuki."

Chediel alitabasamu. "Andika kwa Kiswahili. Mimi nitakuwekea kwa Kiingereza."

Aliyasema hayo kwa moyo mweupe kabisa. Ilikuwa raha kuwa mtu wa kuombwa.

Jumapili baada ya ibada alikaa na karatasi ya mkewe. Alitegemea kukuta hadithi ndefu za wakulima, akajiandaa kukata. Hakukuta cha kukata. Sentensi ya kwanza ilisema wakulima wa Ulemo wanalalamika alizeti yao ina mapepe mengi. Ya pili ilisema alichokifanya. Zilizofuata zilikuwa na namba: mashamba mangapi, vichwa vingapi, uzito kiasi gani wenye nyuki na wasio na nyuki, msimu wa kwanza na wa pili. Sentensi ya mwisho ilikiri kwamba mashamba kumi na mawili ni machache. Hata hivyo akatia maneno mawili makubwa ya kitaalamu ili ikisiri ionekane ya kisomi.

Dina aliposomewa aliyazuia. "Hayo maneno nikiulizwa maana yake, nitajibu nini? Yatoe."

Chediel akayatoa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na jina la pili nani? Huwa wanaandika majina mawili matatu."

"La pili labda Mzee Yeremia. Yeye ndiye aliyetoa shamba la kwanza, wenzake walipokuwa wanaogopa nyuki."

Alicheka, na Chediel akacheka pia. Ikisiri ikaenda kwa jina la Dina peke yake. Kwa kuwa Dina alikuwa amesahau paswedi ya barua pepe yake, walitumia anwani ya mumewe, wakaweka namba ya simu ya Dina. Siku hiyohiyo Chediel alituma na ya kwake.

Majibu yalikuja tarehe tatu ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, yakifuatana. Chediel alikuwa ofisini, chai mbele yake. Barua ya kwanza ilikuwa yake. Walimshukuru, wakasikitika. Chini yake mpitiaji wa ikisiri alikuwa ameandika mistari miwili: mada ni nzuri, lakini mwandishi anasema matokeo yatajadiliwa siku ya kongamano, na hakuna tokeo hata moja lililoonyeshwa, je, kazi yenyewe imefanyika?

Barua ya pili ilikuwa ya Dina. Amekubaliwa. Hakupewa nafasi ya kubandika bango ukutani tu. Amepangiwa dakika kumi na tano jukwaani. Athibitishe kushiriki kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Aliisoma mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anatafuta kosa, kama pengine wamechanganya majina. Kisha akaifunga simu, akaenda darasani kidato cha tatu, akakosea kusawazisha mlinganyo aliokuwa ameuandika ubaoni kila mwaka kwa miaka kumi na tisa.

Jioni Dina alivua buti mlangoni. "Majibu bado?"

"Bado," alisema Chediel.

Alikusudia kumwambia kesho. Alihitaji usiku mmoja tu, alijiambia, wa kulizoea jambo lenyewe. Lakini kesho yake walikwenda sokoni pamoja, na kutoka lango la kuingilia hadi kwenye nyanya watu wanne walimsimamisha Dina. "Afisa wetu, shikamoo!" "Afisa, ile dawa yako imefanya kazi!" Chediel alisimama kando ameshika mfuko. Watu walimsalimia na yeye, ndiyo, kwa adabu, kama mtu aliyeandamana na mgeni wa heshima. Alikuwa ameyaona hayo miaka yote na hayakuwahi kumuuma. Siku hiyo yalimuuma. Alihesabu moyoni miaka yake ya kusoma, mabasi ya alfajiri, mitihani aliyofanya na homa. Yeye aliyejua sayansi iandikwe vipi aliulizwa kama kazi imefanyika. Mwanamke aliyepima mbegu kwenye mizani ya jikoni alipewa jukwaa.

Kila siku Dina aliuliza, na kila siku neno "bado" lilizidi kuwa jepesi mdomoni. Alhamisi aliifungua barua ile, akaweka kidole juu ya sehemu ya kujibu, kisha akarudi kwenye yake akasoma tena yale maneno ya mpitiaji. Alijua ni ya kweli. Majaribio yale ya vifaa vya jikoni alikuwa ameyafanya mara moja tu, na darasa moja, na hakuandika kitu. Hilo ndilo lililomfanya aifunge simu.

Ijumaa ikapita. Jumamosi aliamka na unafuu ambao haukumaliza hata kifungua kinywa. Mkewe alimmiminia uji, akamwekea karanga kama apendavyo, naye akashindwa kumwangalia.

Jumatatu Dina alikuwa Ulemo, akikagua mizinga kwa Mzee Yeremia, simu yake ilipoita. Mpigaji alijitambulisha kuwa ni Redempta, wa sekretarieti ya kongamano. Alitaka kujua kwa nini hawakupata uthibitisho.

"Uthibitisho wa nini, dada?"

"Wa kuja kuwasilisha. Tulikuandikia tarehe tatu."

Redempta alisema nafasi ya jukwaani wameshampa mtu aliyekuwa akingoja, lakini sehemu ya mabango ipo, kama bado anataka. Dina alisema anataka. Kisha akaenda kwa Mzee Yeremia, akamuaga kwa heshima kwa Kinyiramba, akapanda pikipiki.

Chediel alimkuta amekaa sebuleni na buti zake miguuni. Hakuwahi kuingia nazo ndani.

"Ilikuja lini?" Dina aliuliza.

Chediel hakujifanya hajui inazungumziwa nini. "Tarehe tatu."

"Na ya kwako?"

"Siku hiyohiyo. Wamekataa."

"Siku kumi na mbili nakuuliza, unaniambia bado. Ulikuwa unaona nini ukiniangalia?"

"Nilikuwa naona wivu, Mama Martha. Sina neno lingine."

"Ungeniambia wamekukatalia, ningekaa na wewe. Yangu ningeinyamazia hata wiki nzima." Akainama kuvua buti. "Sasa dakika zangu kumi na tano amepewa mtu nisiyemjua."

Chediel aliomba msamaha. Dina alimwambia amesikia, basi. Kesho yake alikwenda kwa kijana wa kompyuta mjini, akafunguliwa barua pepe mpya, na paswedi akaiandika ndani ya jalada la daftari lake.

Bango alilitengeneza mwenyewe, kwa kamusi, jioni baada ya jioni. Hakuomba neno hata moja. Chediel alikaa upande wa pili wa sebule akisahihisha madaftari, akisikia kurasa za kamusi zikifunguliwa. Hakujua kwamba kutoulizwa kunaweza kuumiza kuliko kushindwa.

Siku moja kabla ya kwenda Singida mjini kuchapisha bango kwenye duka la uchapishaji la Tajdin, Dina aliiacha rasimu mezani akaenda kuchota maji. Chediel aliinama kuitazama. Ilikuwa safi. Lakini jedwali la pili lilimsimamisha. Vichwa vya safu vilikuwa vimebadilishana: namba za mashamba yenye mizinga zilikuwa chini ya yasiyo na mizinga. Kwa msimu wa pili, bango lile lilisema nyuki wanapunguza mavuno. Mtu yeyote pale Dodoma angeliona hilo na kuuliza, na Dina angesimama mbele yao akitafuta pa kuficha uso.

Alisimama pale. Haina maana kudanganya: kuna sehemu yake iliyotaka anyamaze. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo, ikaongea kwa sauti yake mwenyewe. Hukuombwa, ilimwambia. Akasikia ndoo ikitua jikoni.

"Jedwali la pili," alisema kwa nguvu, kabla hajapata nafasi ya kufikiri zaidi. "Vichwa vya safu umevigeuza."

Dina alikuja akifuta mikono kwenye kitenge. Alitazama, akavuta pumzi, akachukua kalamu akarekebisha. Hakusema asante. Lakini aliisukuma karatasi upande wa mumewe. "Mengine yapo sawa?"

Akaisoma yote. "Yapo sawa," alisema, na ilikuwa kweli.

Dina alipokuwa Dodoma, picha yake akiwa mbele ya bango ilifika kwenye simu za walimu. Mkuu wa shule, Mwalimu Michael, alimpa Chediel mkono. "Hongera, Msomi! Hii najua ni kalamu yako."

Wenzake walimgeukia. Ingekuwa rahisi kutabasamu tu.

"Hapana, mkuu. Kazi ni yake. Mimi niligeuza ile ikisiri tu kwa Kiingereza."

Dina alirudi na maswali mengi kuliko majibu. Mtafiti mmoja alikuwa amemuuliza atajuaje kuwa ni nyuki, na si rutuba ya mashamba yenyewe. Alimwambia inampasa afunike baadhi ya vichwa kwa chandarua ndani ya shamba lilelile, na mtu akae ahesabu nyuki kwenye vile vilivyo wazi. Aliyaeleza hayo wakila, macho yakimng'aa, na Chediel alisikiliza huku ule wivu ukikaa naye mezani kama ndugu asiyealikwa.

"Mwezi wa tatu, alizeti ikichanua," alisema Dina, "Jumamosi zako una kazi?"

"Sina."

Basi Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu walikwenda Ulemo. Mzee Yeremia aliwapokea shambani, Chediel akamwamkia, naye akamtazama kuanzia kofia hadi viatu vyake vya mjini.

"Marahaba. Afisa, huyu ndiye msaidizi wako?"

"Ni mume wangu, Mzee. Ni mwalimu Kiomboi."

"Ahaa. Karibu, mwalimu. Shika vizuri hiyo karatasi, huyu mama hapendi makosa."

Neno hilo lilimchoma, na alijua litamchoma tena. Dina alikuwa ameshatangulia kwenye mistari, akifunga vyandarua kwa uzi. Chediel alitafuta kichwa cha kwanza kisichofunikwa, akachuchumaa mbele yake, akatazama saa. Kwa dakika tano walitua nyuki saba. Akaandika saba.