Shuka za Mwanasiti

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kila nionapo shuka nyeupe kambani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msimamizi wa kiwanda kikubwa cha udobi karibu na Kona ya Musa. Tulifua shuka za hoteli saba za Diani. Kila hoteli ilikuwa na uzi wa rangi yake kwenye pindo, na siri ya nyuzi zile aliijua Mwanasiti, mpokeaji wetu wa mizigo, peke yake: mfuko huu wa shuka ni wa nani, uko wapi, watakiwa lini.

Tajiri wetu akaletewa programu ya kompyuta, ya kuandika kila mfuko tangu kupokelewa hadi kurudishwa, ili yeyote kazini ajue ulipo. Bei ilikuwa nzito. Akaniuliza mimi, nami nikamcheka muuzaji mbele ya watu.

"Kompyuta tunayo, bwana. Yaitwa Mwanasiti, na haitaki stima!"

Wote wakacheka ila Mwanasiti mwenyewe.

"Nunueni, kaka," akasema polepole. "Mwaka wa nne huu sijapumzika hata Idi. Siku nikiugua, utacheka na nani?"

Nikamwambia tajiri aachane nayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami sikuwa na hata tofali.

Mwanasiti alishikwa na malaria msimu wa wageni, akafariki. Tulimzika Jumanne. Kufikia Alhamisi mifuko ilijaa hadi mlangoni, shuka zimechanganyika, hoteli zinapiga simu. Nikaenda matangani. Nakiri, sikwenda kulia. Nilimwuliza mama yake kama marehemu aliwahi kumwambia uzi wa kijani ni wa hoteli gani.

Mama akaniuliza:

"Baba, umekuja kumlilia, au kumtuma?"

Mwezi haukuisha, hoteli nne zikatuhama, na wanawake kumi na mmoja wakakosa kazi. Mzigo huo ninao hadi leo.

Basi mwanangu, ukijaliwa kuongoza kazi, usiiweke yote kifuani mwa mtu mmoja ukaita huo uhodari. Nunua mfumo mapema, angali yupo ajuaye, na uingizwe ukweli mtupu, kwani mashine haijui ila ilichoambiwa. Usiipime kwa bei ya leo tu. Faida yake ni kazi isiyosimama mtu akilala, na mtu kuweza kulala.

Mola akupe sikio la kumsikia aliyechoka angali anasema. Na siku ukienda msibani, uende kulia tu.