Utepe wa Kijani wa Prudence Hollesby

Prudence Hollesby aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja katika mji wa Northbury, Connecticut, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyethubutu kusimama basi likiwa kwenye mwendo. Alipostaafu, ukali wake ulikataa kustaafu. Akauhamishia kwenye daftari la ukoo, na ndugu zake wakajua wamekwisha.

Ukoo wa Hollesby hukutana kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Agosti, kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa. Hula maharage ya kuokwa, mahindi ya kuchemsha na pai za pichi, hubishana nani amerithi pua ya nani, na kila mmoja hubandika kifuani utepe wenye rangi ya tawi lake. John Hollesby, aliyevuka bahari kutoka Uingereza mwaka 1635, aliacha wana wanne. Wa Samuel huvaa bluu, wa Josiah nyekundu, wa Nathaniel nyeupe, wa Ebenezer kijani. Prue, kama walivyomwita nyumbani, alivaa kijani tangu hajaota meno. Mezani kwake, kando ya sanduku la tepe, aliweka kibao alichokiandika kwa mkono wake: HAKUNA KARATASI, HAKUNA UTEPE.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikwenda mwenyewe mpaka Suffolk, Uingereza, kwenye kijiji kiitwacho Hollesby, akitarajia kukuta makaburi ya mababu yamejipanga yakimsubiri. Hakukuta hata moja. Mzee mtunza kanisa alimcheka.

"Hapa hapajawahi kuwa na akina Hollesby, mama. Nani atamwita jirani yake kwa jina la kijiji wanachokaa wote? Babu yenu alihama, akaenda kuishi ng'ambo ya mto. Wenyeji wa kule wakawa wanasema, yule wa Hollesby. Basi, likawa jina."

Ng'ambo ya mto kweli alilikuta jina la John kwenye kitabu cha ubatizo. Maneno ya yule mzee aliyaandika daftarini, akafunga daftari, akayasahau.

Miaka mitatu iliyopita alikuja Lyle Hollesby, fundi wa mapaa kutoka Ohio, na mkewe. Walikuwa wameendesha gari kwa muda wa saa kumi na moja. Lyle alifika mezani akitabasamu kama mtu aliyefika kwao.

"Babu yangu alisema sisi ni wa Ebenezer," alisema.

"Alikuachia hati?" Prue aliuliza.

"Aliniachia nyundo na jina."

"Nyundo haina muhuri, bwana. Soma kibao."

Lyle alikisoma, akasema "Haya, mama," akaenda kukaa na mkewe kwenye benchi la mwisho, karibu na mapipa ya taka. Walikula bila utepe vifuani, wakakunja vitambaa vyao vya karatasi vizuri, wakashukuru kila aliyepita, wakarudi Ohio. Prue alilala fofofo siku hiyo. Sheria ni sheria.

Machi mwaka huu karani wa mji alimpigia simu. Kitabu cha kwanza cha mji kilikuwa na kurasa zilizogandana kwa unyevu tangu enzi na enzi, na sasa mafundi walikuwa wamezibandua. Prue alikwenda kuhakikisha tarehe moja tu, ya Amos, mwana wa Ebenezer, ambaye ndiye babu yake. Alivaa miwani akasoma, mwaka 1668: *Amos, mwana wa Ebenezer Hollesby, amefariki kwa homa, umri miaka minne.* Kurasa mbili mbele, mwaka uliofuata: *Mtoto wa kiume asiye na wazazi, umri kama miaka mitatu, amekabidhiwa Ebenezer Hollesby na mkewe wamlee. Wamemwita Amos.*

Watu wa zamani wa huko wakifiwa na mtoto, jina lake humpa anayefuata. Prue alilijua hilo kuliko a, e, i, o, u. Alikwisha kuwaumbua binamu zake chungu nzima waliounganisha kuzaliwa kwa mtoto mmoja na ndoa ya mwingine mwenye jina hilohilo. Na yeye mwenyewe alikuwa amemchukua Amos aliyezaliwa na kumwoza mke miaka ishirini na miwili baada ya kuzikwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Alirudi garini, akafunga mkanda, asiwashe gari. Alikuwa na miaka sabini na minne na alijihisi yatima. Hakuwa na tone la damu ya John. Kule Suffolk alikuwa ameifuata nasaba ya watu wengine.

Angeweza kunyamaza. Kitabu kile hakuna mwingine angekifungua, na karani asingetofautisha Amos mmoja na mwingine. Aprili alinyamaza, Mei akanyamaza. Lakini kila akiligusa sanduku la tepe aliviona vile vitambaa vya Lyle vilivyokunjwa, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Juni akaketi, akaandika barua kwenda Ohio. Jibu lilikuja kwenye kadi: *Tutakuja. Lyle.*

Jumamosi ya pili ya Agosti, kabla ya sala ya chakula, Prue alipanda ngazi za kanisa akawasomea ndugu zake kurasa zote mbili. Alisoma kwa sauti yake ya kwenye basi, wote wakasikia. Kisha akabandua utepe wa kijani, akauweka mezani mbele ya kibao chake.

Binamu yake Wendell, mwenyekiti, mtu wa mzaha tangu kuzaliwa, ndiye aliyesema kwanza.

"Prue, acha vituko. Vaa utepe wako, mahindi yanapoa."

"Sina karatasi, Wendell."

"Unazo mbili! Umetusomea sasa hivi! Watu wamezika mtoto wao, wakaleta nyumbani mtoto wa watu, wakampa jina la marehemu wao. Unataka muhuri gani zaidi ya huo? Kulea mimba si kazi, dada."

Watu wakapiga makofi. Prue alitamani sana kuunyanyua utepe ule, na mkono ulishaanza kwenda. Akaurudisha.

"Nikiuvaa, Lyle avae nini?"

Ndipo yule mzee wa Suffolk alipomrudia kichwani, na kicheko chake.

"Hata huyo John," alisema taratibu, "jina babu zake walipewa na watu waliowapokea. Nimeliandika daftarini kwa mkono wangu mwenyewe, na sikulisoma."

Akakichukua kibao, akakigeuza uso chini. Utepe akauacha palepale. Akapakua maharage, akapita katikati ya bluu, nyekundu na nyeupe, bila utepe kifuani, mpaka benchi la mwisho karibu na mapipa ya taka, alikokaa fundi wa mapaa na mkewe. Alitembea kama mtoto mgeni anayepanda basi siku ya kwanza ya shule, na moyoni, ajabu, alikuwa mwepesi.

"Pana nafasi hapa?" aliuliza.

Lyle alimtazama kifuani, akamtazama usoni. Kisha akasogea.

"Kaa, mama," alisema. "Hapa hatuulizi karatasi."