Siku Nilipoikatia Tamaa Miguu ya Kaka

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, nayo ni ile niliyomvunja moyo kaka yangu Rajabu. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, nimerudi nyumbani Cheyo kwa likizo, na kichwa kimenivimba. Mtu akikohoa tu, mimi nishamtajia ugonjwa.

Rajabu alikuwa fundi baiskeli kule Chemchem. Ganzi ilimwanza vidoleni ikapanda, na ndani ya wiki moja akashindwa kusimama. Hospitalini waliokoa maisha yake. Walitueleza kwamba kinga ya mwili wake mwenyewe ilikosea ikashambulia ala ya mielini, lile ganda linaloifunika mishipa ya fahamu ili habari za ubongo zifike miguuni upesi. Shambulio lilipokwisha aliruhusiwa, akapewa mazoezi ya kila siku. Asubuhi mama alimkunja na kumkunjua miguu, naye akisaga meno kwa maumivu.

Baba yetu alikuwa fundi viatu. Tulikulia kwenye kibanda chake, tukiuburuza uzi kwenye bonge la nta mpaka ung'ae, ndipo ashone. Kwa hiyo Rajabu aliponiuliza, "Zuhura, wewe unasoma mambo haya. Hiyo ala itarudi?" wala sikufikiri.

"Ala ile ni mafuta, kaka. Ni kama nta kwenye uzi wa baba. Ikishatoka, nani atairudisha huko ndani?"

Kisha nikaendelea kunywa uji wangu. Niliunywa mpaka nikaumaliza, mwanangu, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kesho yake aligoma kufanya mazoezi. Alimwambia mama amwache apumzike, na spana zake akaagiza apewe jirani. 

Nilikimbilia wodini kwa Bi Mwamvua, muuguzi mkuu aliyekuwa amemhudumia Rajabu. Nilimwamkia, nikamweleza yote nikitegemea anihurumie. Alivua miwani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani kakwambia ala ni mafuta?"

"Kitabu, Bi."

"Ulikisoma ukakimaliza?"

Sikuwa nimekimaliza. Alinikalisha kwenye benchi akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Ala haipakwi, alisema. Seli hai huuzungushia mshipa utando wake yenyewe, mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu anayejifunga kanga moja ndefu mara nyingi. Utando huo kwa sehemu kubwa ni mafuta, kweli, na mafuta ndiyo yanayozuia umeme wa mshipa usivuje. Ila yakiachwa peke yake, matabaka hayashikani. Baadhi ya mafuta hayo yana chaji hasi, na ipo protini yenye chaji chanya. Vikikutana hung'ang'aniana, tabaka likabanwa na tabaka, na maji yaliyokuwa katikati yakasukumwa nje. Protini nyingine hushikilia upande wa pili wa matabaka hayohayo. Ala ni kazi ya vyote viwili, mafuta na protini.

"Na seli za miguuni," akaongeza, "maadamu uzi wa mshipa ni mzima, huanza kuzungusha upya. Polepole, lakini huzungusha. Siwezi kukuahidi kwamba kaka yako atatembea. Ila wewe umemwahidi kwamba hatatembea, na hukuwa na haki hiyo."

Nilirudi nyumbani nikakaa mkekani mbele ya Rajabu, baba na mama wakisikia.  "Kaka, jana nilikwambia uongo. Sikukusudia, lakini ulikuwa uongo." Nikamsimulia yote niliyofundishwa, nikamwomba anikabidhi mazoezi mimi mwenyewe.

Rajabu akaniuliza, "Kwa hiyo elimu yako ilikuwa nusu?"

"Nusu, tena nusu mbovu."

Akacheka, mara ya kwanza tangu augue. "Mama, mwambie jirani anirudishie spana zangu."

Tulifanya kazi, mwanangu. Masika yote tulifanya kazi, mama akishika zamu yangu niliporudi chuoni. Kwanza kidole gumba cha mguu kikacheza, tukakishangilia kama kimefunga bao. Kisha goti, kisha magongo mawili, kisha moja. Asubuhi ya Idi Rajabu alitoka mlangoni bila gongo, amevaa kanzu, baba akitembea kando yake akiogopa hata kumgusa. Wanawake wa mtaa walipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Nilisimama kwenye kona nikamwangalia anavyofika msikitini, anavyovua viatu mwenyewe, anavyoingia. Nililia barabarani mchana kweupe, na sijawahi kuyaonea haya machozi yale. Tulishinda.

Basi nakuusia wewe unayeingia kazi hii ya uuguzi. Ukijua nusu ya jambo, sema wazi kwamba hii ni nusu. Usimfungie mtu mlango kwa sababu wewe hujaona unakofunguka. Na ukikosea mbele ya watu, rudi ujisahihishe mbele ya watu walewale, maana mgonjwa hukuamini hata siku ambayo hustahili.

Mungu akupe elimu yenye huruma, akulindie ulimi wako, na kila utakayemhudumia akuage akiwa amesimama.