Posa ya Mbwa Mwekundu

Wanangu wa kuwazaa walipokwisha kuondoka, nilibaki Mwandiga na mume wangu na mbwa jike mmoja. Mbwa akazaa sita jikoni kwangu, nyuma ya mafiga, nami nikaanza kulea upya na mvi zangu.

Niliwapikia uji wa muhogo, nikautia dagaa wa kusaga. Niliwafunika kanga yangu ya kutokea, niliyoinunua sokoni Mwanga, na mume wangu akauliza yeye azaliwe wapi ndipo apate kanga. Dada yangu aliyeolewa Ujiji, mtu wa swala tano, alisimama mbali barabarani, akauliza wanangu wapya hawajambo. Nilijua ananicheka. Nikamjibu hawajambo, ila wa tatu anaharisha.

Shida ilikuwa kuwagawa. Watu walikuja kuomba mbwa kama wanaomba chumvi. Nikaweka sheria: kwangu hatoki mtoto bila posa. Uje na mshenga, useme atalala wapi na atakula nini, kisha utoe mahari. Watu wakacheka. Nikawaambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakazidi kucheka.

Aliyenikomesha ni mkimbizi mmoja kutoka Burundi, aliyelima muhogo ng'ambo ya korongo na kuwalisha nyani bila kupenda. Alikuja Jumapili baada ya ibada, kavaa koti, na mkewe ndiye mshenga. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba. Nimekukubali lini mpaka niwe mkweo?"

Hakucheka. Alisema binti atalala barazani, atakula wanachokula watoto wake, na hatapigwa. Kisha akaweka jembe miguuni pangu. Nyumba ile ilikuwa na majembe mawili tu, lake na la mkewe, na mimi nililijua hilo. Nilitaka kusema huu ni mzaha tu, lakini mume wangu alikuwa ananitazama aone nitatokaje. Nikalipokea, nikalitundika ukutani. Nikampa jike mwekundu mwenye sikio moja lililolala, yule niliyeapa kwamba simtoi.

Alitimiza yote aliyoyasema. Kila nilipopita shambani kwake nilimkuta binti yangu amenenepa, na nyani wamehama.

Miaka michache baadaye ikatangazwa kwamba wakimbizi wanarudishwa kwao, na jina lake likatoka kwenye orodha ya lori la Jumatano. Mbwa hawakuruhusiwa kupanda. Siku moja kabla ya safari alikuja na yule mwekundu, kamba shingoni, tumbo limeshuka kwa mimba. Nililia kabla hata hajanisalimia.

"Mama mkwe, nimemrudisha binti yako," akasema. "Hana kosa lolote."

Kwetu mke akirudishwa kwao, mahari nayo hurudi kwa mume. Na huko aendako shamba lake lilikuwa limelala miaka yote hiyo, angelihitaji jembe kuliko mimi. Nikalitungua ukutani, nikamnyooshea. Akaficha mikono nyuma.

"Ukinirudishia inkwano, mahari yangu, mama, hawa walio tumboni wanakuwa wako. Liache jembe. Na mimi niwe na watoto huku."

"Mwanangu, acha upuuzi! Hawa ni mbwa!"

Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Leo ndiyo umejua ni mbwa?"

Akaondoka na jembe moja. Mbwa akazaa watano, palepale nyuma ya mafiga. Waposaji wakaja, safari hii na washenga wao bila kuambiwa, mmoja hata na jogoo. Niliwakaribisha, nikawapa viti, nikawaeleza kwamba mimi ni bibi tu, sina amri ya kuoza watoto wa watu.

Nikawaambia wasubiri, baba yao hajafika.