Siku Baba Alipokabidhi Pampu

Chuo kilipofungwa nilirudi Kolwezi na begi la vitabu vya uchumi. Mwalimu wetu mmoja huko Lubumbashi alikuwa akirudia kwamba nchi nzima inakula kwenye sahani moja, sahani ya shaba. Siku moja niliinua mkono nikauliza itakuwaje sahani hiyo ikipasuka. Darasa likacheka, naye akaendelea kuandika ubaoni.

Nilipofika nyumbani kwetu, mtaa wa Kapata, sikuhitaji tena jibu lake. Duka la kampuni ya shaba, ambako mama alichukua unga wetu wa kila mwezi, lilikuwa na rafu tupu. Hospitali ilimtaka mgonjwa aje na pamba yake mwenyewe. Na wenyeji wa hapa Katanga walikuwa wamekwisha kumpata wa kulaumiwa: sisi.

Babu aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuja kuchimba shaba. Baba alizaliwa katika safu hizi hizi za nyumba za kampuni, na mimi pia. Hilo halikusaidia kitu. Sokoni tuliitwa bilulu, yaani wadudu. Mwalimu wa shule ya msingi, Mkasai kama sisi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alivunjiwa mlango mchana watu wakitazama. Nilijaribu kulipanga jambo lile kama nilivyofundishwa: mashine hazipati vipuri, shaba inapungua, mishahara haiji, halafu mtu anavunja mlango wa mwalimu. Kila hatua ilikuwa na maelezo, isipokuwa ya mwisho.

Baba alikuwa fundi wa pampu kwenye shimo kubwa la mgodi. Pampu zile zilivuta maji yanayochuruzika kutoka ardhini. Zikisimama, shimo linageuka ziwa.

"Mi nikitoka, maji inaingia," alituambia tukila. "Bakubwa banajua. Hawawezi kunigusa."

"Baba, wanaovunja milango si bakubwa," nilisema. "Wale hawajui hata pampu ni kitu gani."

"Weye kula."

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Tangu kampuni ilipoanza kupunguza watu, kila fundi alikuwa akificha ujuzi wake. Kumfundisha mwenzako kulikuwa kama kumpa kiti chako. Siri ya baba ilikuwa pampu ya nne, iliyokuwa kuukuu kuliko zote. Vali yake ya chini ilivuja, kwa hiyo kabla ya kuiwasha ilibidi uinyweshe maji kwa ndoo, taratibu, ukigonga bomba mpaka mlio ubadilike. Hapo ndipo hewa imeisha. Ukiiwasha ikiwa kavu, inapasuka. Nililijua hilo kwa sababu alinieleza nikiwa mdogo. Wenzake kazini hakuwaambia.

Asubuhi moja, baba akiwa amekwisha kwenda kazini, tulikuta msalaba wa chaki kwenye mlango wetu, alama ya nyumba itakayovunjwa. Mama hakulia. Alifunga sufuria ndani ya mikeka, akawashika wadogo zangu, tukaenda stesheni, ambako familia nyingi kama yetu zililala chini kungoja safari ya Kasai. Tulipofika treni ilikuwa imesimama, watu wanapandia madirishani. Mama alipata nafasi kwenye behewa la mizigo.

"Mufate baba yako," akaniambia. "Umulete hata kwa kamba. Hii treni haina ya kungojea mutu."

Nilimkuta baba kwenye kibanda cha pampu, kiganja kimoja juu ya mashine. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: msalaba, behewa, watu wanaopandia madirishani.

"Mwenzangu hajafika," akasema.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Hakuna aliyeondoka kabla mwenzake wa zamu hajaja. Wakishakutana walipita pamoja mbele ya kila pampu, wote wawili wakiiwekea kiganja kusikiliza mtetemo wake, kisha wakatia sahihi kwenye daftari.

"Baba, wametufukuza! Nani atakuja kukuuliza sahihi?"

Aliinama kuisikiliza mashine. Saa nane, saa ya kubadilishana zamu, ikapita. Nilitoka, nikaingia, nikatoka tena. Kila honi niliyoisikia mbali niliidhania treni. Nilimwona mama akichungulia barabara, kichwani mwangu tu.

Karibu saa tisa mwenzake akafika kwa baiskeli, anatweta. Alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, tuliyesali naye kanisa moja.

"Weye Mukasai, ungali hapa? Nilifikiri umekwisha kuuza pompe zote ukakimbia!"

"Nani angenunua?" baba akasema. "Mashini zenyewe zinakohoa kuliko weye."

Wakacheka, kama walivyokuwa wakicheka miaka yote. Mimi sikuweza. Kisha yule akaacha kucheka, akamwita baba yaya, yaani kaka.

"Yaya, vijana bamefunga njia ya soko. Mupite nyuma ya kanisa."

Wakaanza kupita, kiganja kwa kiganja. Pampu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mwenzake alisimama akiinamisha macho. Nadhani alijua siku nyingi kwamba kuna jambo hapo. Nilimsogelea baba nikamnong'oneza: "Usimwambie. Waache wajionee." Nilitamani kuliona lile shimo limejaa maji mpaka ukingoni. Sitasema kwamba sikutamani.

Baba alinitazama, kisha akaizima pampu ya nne.

Akachukua ndoo, akamwaga maji polepole, akigonga bomba kwa spana. "Sikia. Bado. Bado... Sasa." Akaiwasha. Akaizima tena na kumpa mwenzake ndoo. Mara ya kwanza yule aliharakisha, baba akamshika mkono kabla hajaiwasha. Mara ya pili alisikia mwenyewe mlio ukibadilika, na pampu ikanguruma.

Wakatia sahihi.

"Yaya, siku hizi zote ulinificha?"

"Nilikuwa na batoto ba kulisha. Weye pia uko nabo."

Yule mtu akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, na hakuwa na utani tena.

Tulipita nyuma ya kanisa, mimi nikikaribia kukimbia. Nilimuuliza baba kwa nini amemfundisha, baada ya waliyotufanyia.

"Kuko batu kule chini ya shimo," alisema.

Tulipofika stesheni, reli ilikuwa tupu.

Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka kando ya reli, wadogo zangu wamemzunguka. Alikuwa ameshuka. Watu waliokuwa karibu walisema alitupa mizigo chini kwanza, kisha watoto, kisha yeye mwenyewe, na nafasi yake ikajaa kabla hajagusa ardhi.

Alimwinulia baba macho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akasogea, akampa nafasi. Baba alivua viatu vyake vya kazi, akaviweka katikati ya mkeka visije vikaibwa, akaniuliza kama nimesikia treni nyingine itakuja lini.

"Kesho," nikamwambia. Sikuwa nimesikia habari yoyote.